Mwalimu anasema mwanangu wa miaka minne "anacheza sana". Hivi watoto wa Mwanza wachezee wapi na saa ngapi?

#1 Ngosha wa Mahina
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina kijana wangu ana miaka minne na miezi kadhaa, yuko beibi klasi. Juzi nikaitwa shule, nikajua ni ada tu, nikaenda na risiti zangu mfukoni kabisa. Kufika naambiwa mtoto hana shida, akili anayo, tatizo anacheza sana. Nikauliza anacheza saa ngapi, mwalimu akasema muda wote, wenzake wakiandika a e i o u yeye anapanga penseli mezani anasema hii mitumbwi na rula ndio feri. Nikacheka. Mwalimu hakucheka.

Nimerudi nyumbani nikaanza kupiga hesabu. Basi la shule linampitia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, anarudi saa kumi jioni, ana homuweki kurasa mbili. Tumepanga, uwanja wote pevingi na mwenye nyumba hataki mpira sababu ya vioo. Nje ya geti bodaboda hawana breki. Kwa hiyo akifika anawashiwa TV mpaka usingizi umchukue. Jumapili nikampeleka kwa bibi yake Magu, pale uani kuna rundo la mchanga wa kujengea, mtoto kasimama pembeni anaangalia viatu vyake, ananiuliza "baba, huu mchanga wa nani?"

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima. Enzi zetu mchanga haukuwa na mwenyewe.

Sasa naomba mnisaidie, kosa liko wapi? Shule, mwenye nyumba, simu au sisi wenyewe?

#2 Mpita Njia
Ngoja waje.

#3 Jiwe la Igogo
Mkuu hiyo ni Mwanza yenu ya mageti. Njoo huku mlimani Igogo saa kumi na moja jioni uone kama utapata pa kukanyaga, watoto wamejaa, sisi shida yetu ni kinyume, wanacheza mpaka mtu anapanda kuwatafuta na fimbo.

Mimi nimekulia kwenye hayo mawe. Kulikuwa na jabali moja limelala kama bati, unapanda nalo mpaka juu, unakalia kipande cha dumu lililopasuliwa, unaserereka mpaka chini. Siku dumu halipo unaserereka na kaptula. Kaptula zetu zote zilikuwa na matundu mawili nyuma, mama akiniona natoka anauliza "miwani umevaa?" Hakuna mtu mzima aliyetufundisha, wakubwa walitufundisha na sisi tukawafundisha wadogo. Mmoja wetu alivunjika mkono, nisije nikaonekana nasifia tu.

#4 Mama Pendo
Jiwe hapo umegusa kitu bila kujua. Igogo mtaa mzima ni macho. Mtoto akianguka kuna mama mwingine anamuokota, akitukana kuna mzee anamkemea. Mimi niko Buswelu mwaka wa tatu, jirani yangu wa ukuta namjua kwa sauti ya gari lake tu. Unataka nimfungulie mtoto geti akacheze na nani, na nani atamuangalia? Sio pevingi wala nini, ni kwamba hatujuani. Na habari za watoto kupotea tunazosikia kila siku kwenye magrupu ndio zimemaliza kabisa.

#5 Binti Kitangiri
#1 na wewe ulimjibu nini kuhusu mchanga?

#6 Mzee wa Kwimba
Mnalea mayai. Kucheza kucheza, kucheza kutamlipia ada? Mimi nina miaka sita tayari nachunga ndama wa mzee, hakuna cha beibi klasi wala mdoli, na leo nimejenga. Haya mambo ya "mtoto aachwe acheze" ni ya wazungu wenye bima.

#7 Jiwe la Igogo
Mzee shikamoo. Ukiwa machungani kutwa nzima ndama wanakula, wewe ulikuwa unafanya nini?

#8 Mzee wa Kwimba
Marahaba. Tulikuwa tunafinyanga ng'ombe wa udongo wa mbugani, kila mtu na zizi lake, tunaoana na kulipana mahari kwa hao ng'ombe. Pia tunachimba mashimo chini tunacheza isolo, lile bao la Kisukuma, kwa kokoto. Mieleka. Siku moja isolo ikakolea ndama wakaingia kwenye mtama wa watu, nilichopata siku hiyo nakijua mwenyewe.

#9 Binti Kitangiri
Kwa hiyo babu ulikuwa unacheza 😂😂

#10 Mzee wa Kwimba
Nilikuwa KAZINI.

#11 Nesi wa Zamu
Nimetoka zamu nimekuta uzi mtamu. Nisemee wale wadogo zaidi maana naona mnaongelea wa miaka minne tu.

Kliniki mama analeta mtoto wa miezi tisa, uzito mzuri, chanjo kamili, ukimuuliza "huwa mnacheza naye nini" anakuangalia kama umemtukana. Kumbe mchezo wa umri huo ni kitu kidogo sana, mtoto akisema "ba" na wewe mrudishie "ba", ukimfunika uso na kanga ukafunua acheke. Pale ndio anajifunza kwamba akitoa sauti kuna mtu anajibu.

Kuna utafiti maarufu wa Jamaica, pale Kingston, ulianza 1986. Walichukua watoto 129 waliodumaa, umri miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa ya lishe, wengine mhudumu wa afya aliwatembelea nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili kumfundisha mama kucheza na mtoto, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa. Miaka ishirini baadaye wale ambao mama zao walifundishwa kucheza nao walikuwa wanaingiza kipato kama asilimia 25 zaidi ya wenzao. Wa maziwa peke yake hawakuonyesha hiyo tofauti. Kwa hiyo Mzee wa Kwimba, hilo la ada kucheza kunaweza kulipa kidogo hahaha.

#12 Mkaguzi
Watoto 129 tu, tena Jamaica, na midoli ya wafadhili. Usituletee.

#13 Nesi wa Zamu
Idadi ndogo nakubali. Ila midoli ya wafadhili hapana, vitu vilitengenezwa palepale kwa makopo, maboksi na chupa tupu. Na hata hapa kwetu ile programu ya taifa ya MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) iliyozinduliwa Desemba 2021 inahusu mtoto tangu 0 mpaka miaka 8, na ndani yake malezi yenye mwitikio (mtoto akitoa sauti unamjibu) na ujifunzaji wa awali vimewekwa pamoja na afya, lishe na ulinzi. Sio kitu cha kupamba.

#14 Wakili wa Mtaa
Niongeze la kisheria fupi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inaweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi na matibabu.

#15 Mpita Njia
Ngosha kamshtaki mwenye nyumba basi 😂

#16 Mwenye Nyumba Mwenyewe
Nimesoma kimya ila mmenigusa. Mimi ni mwenye nyumba, sio wa Ngosha nadhani, ila nina wapangaji sita na pevingi ninayo.

Kabla ya pevingi mvua za masika zikianza tope linaingia mpaka korido, wapangaji hao hao ndio waliolalamika wakasema watahama. Nimeweka kwa mkopo. Sasa hivi mtoto akianguka pale magoti yanachubuka, mama anakuja kunigongea. Vioo nimebadilisha vitatu mwaka jana na hakuna mzazi aliyejitokeza, kila mmoja anasema wake alikuwa amelala. Nilikuwa na kiplot cha pembeni walikuwa wanacheza, kuna muembe pale, nikauza kumaliza paa. Kwa hiyo mnaposema mwenye nyumba, semeni na kiwanja cha Mwanza kinauzwa bei gani.

#17 Ngosha wa Mahina
Mkuu #16 nimekusoma na nimekuelewa, tena nakiri mimi nilikuwa mmoja wa waliolalamikia tope kwenye nyumba yangu. Ila sio wewe, wangu hana hata muembe.

#18 Tichа wa Awali
Mimi nafundisha awali, shule ya serikali, hivyo msinichanganye na huyo mwalimu wa #1. Ila nitamtetea kidogo.

Mtaala wa awali wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa kucheza. Kuna kona za ujifunzaji, kona ya duka, ya nyumbani, ya hisabati, tunatumia visoda, mabua, mbegu za maembe, udongo. Mtoto anayepanga penseli akasema hii mitumbwi hii feri ameshakupa hesabu na lugha kwa pamoja, amepanga kwa ukubwa, amelinganisha, kitu kimoja kimesimama badala ya kingine. Herufi nayo si ndio hiyo, mchoro unaosimama badala ya sauti?

Lakini sasa mzazi. Mzazi wa shule ya kulipia anakuja Ijumaa anafungua daftari anahesabu kurasa. Akikuta ukurasa mtupu anasema "hela yangu imeenda wapi". Mwalimu akimwambia leo tulicheza duka, mzazi anahamisha mtoto. Mwenye shule anamwambia mwalimu andikisha watoto. Kwa hiyo mwalimu wa Ngosha anaongea sauti ya wazazi wenzake Ngosha. Na mimi kwa upande wangu watoto nilionao darasani ni wengi kiasi kwamba kona zangu nne zinageuka soko la Mlango Mmoja, siwadanganyi.

#19 Baba Kelvin
Ticha umeeleza vizuri lakini usituhamishie. Mimi natoa mamilioni kwa mwaka, mtoto wa miaka mitano wa jirani anasoma gazeti, wangu anajua kucheza duka. Interview ya la kwanza wakiulizwa watasema nini, nimecheza duka?

#20 Mama Pendo
Baba Kelvin hapo ndipo tunapozunguka. Wewe unaogopa interview, shule inakuogopa wewe, mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri anasinzia kwenye basi mdomo wazi.

#21 Fundi Simu Makoroboi
Mnazunguka mbuyu. Ni SIMU. Mimi natengeneza hizi, naletewa skrini zimepasuliwa na watoto wa miaka miwili, mama anasema fanya haraka mtoto hali bila katuni. WHO, shirika la afya duniani, walisema mtoto chini ya miaka mitano mwisho masaa mawili kwa siku.

#22 Nesi wa Zamu
#21 rekebisha kidogo. Mwongozo wao wa 2019 unasema mtoto ambaye hajafika miaka miwili asiwekwe kwenye skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa MOJA, pungufu yake ni bora. Na kuanzia mwaka mmoja hadi minne wanatakiwa wawe kwenye mwendo, kukimbia, kupanda, kuruka, jumla dakika 180 kwa siku.

#23 Ngosha wa Mahina
Dakika 180 ni masaa matatu. Nimejumlisha ya wangu. Korido mpaka jikoni, jikoni mpaka sebuleni. Siandiki hapa.

#24 Fundi Simu Makoroboi
Masaa mawili nilikuwa nimeyasikia redioni, asante kwa kunyoosha. Ila hoja iko palepale, simu.

#25 Jiwe la Igogo
Fundi mbona huku kwetu simu zipo na watoto bado wanaserereka? Mtoto akisikia wenzake wanapiga kelele nje simu anaitupa mwenyewe. Simu inashinda pale ambapo hamna mwenzake.

#26 Dagaa wa Igombe
Salamu zenu. Mimi mvuvi, huku Igombe. Mnaongelea mama na mwalimu tu, sijaona mtu kasema baba isipokuwa huyu wa mchanga.

Sisi wa dagaa kazi ni usiku wa giza, taa ndio zinawaita. Unatoka jioni mtoto anakuaga, unarudi asubuhi unanuka unalala, ukiamka anaenda kulala yeye. Mtoto wangu wa kwanza mpaka anafika miaka mitatu alikuwa ananiita "mgeni". Lakini mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawaijii taa vizuri, tunapumzika siku kadhaa, na usiku kunakuwa kweupe kama mchana. Basi hizo siku pale mwaloni kwenye mchanga wa kuanikia ni sherehe, watoto wote nje, kina baba wote tupo, kombolela mpaka saa nne usiku. Mimi na nyama zangu hizi najificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, kitoto changu kinanitafuta kinapita hapa hapa karibu nasikia kinavyohema, kinajizuia kucheka, na mimi najizuia kucheka. Mwezi ukianza kufa huwa kinauliza "baba mwezi utarudi lini".

Sina elimu ya hayo ya Jamaica ila nadhani kitu mtoto anachotafuta ni mtu.

#27 Binti Kitangiri
#26 umeniliza saa hizi niko kwenye daladala 😭

#28 Mkaguzi
Hii ya mvuvi naikubali kuliko utafiti.

#29 Nesi wa Zamu
Mkaguzi ni kitu kile kile ndugu yangu.

#30 Mama Sengerema
Sawa mmefurahia mwalo lakini tuseme yote. Ziwa linachukua watoto. Mama yuko juani anageuza dagaa, mtoto wa miaka miwili anamfuata dada wa miaka saba, dada anacheza na maji, dakika mbili tu. Nimeshiriki mazishi kama hayo na sitaki kueleza. Na wanaobaki wanapata kichocho, wanakojoa damu.

Ndio maana mimi naona la kujibiwa sio kucheza au kutocheza, ni nani anabaki nao mama akiwa kazini. Pale kwetu kina mama walichangishana wakamlipa bibi mmoja awakalie watoto chini ya mti, kamba imezungushwa, ndani kuna ndoo za mchanga na vikopo. Bibi anawaimbisha ukuti ukuti.

#31 Nesi wa Zamu
Mama Sengerema pole sana. Na hicho mlichofanya ndicho WHO wanachokipendekeza maeneo yenye maji, sehemu salama yenye mwangalizi kwa watoto wasiofika umri wa shule.

Kwenye kichocho niseme kimoja. Kinachotawala hapa kandokando ya ziwa ni cha tumbo, damu inaonekana kwenye choo kikubwa, ini na wengu vinavimba, mtoto ana kitumbo watu wanasema anakula sana. Cha mkojo ni zaidi kule bara kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Na dawa zinazogawiwa shuleni kwa miaka mingi zimelenga wa umri wa shule, kwa hiyo huyu mdogo anayeogeshwa ziwani na dada yake amekuwa akisahaulika. Mpelekeni apimwe.

#32 Mama Sengerema
Asante nesi. Sisi tulikuwa tunaita kichocho tu basi.

#33 Baba Kelvin
Sasa nani ana ushauri wa wikiendi? Nimesema sana ila nimeenda kumuangalia Kelvin kalala na shati la shule. Mtoto unampeleka wapi hapa mjini pasipo na soda ya bei ya ajabu? Kuna ile zuu ya Saanane bado ipo?

#34 Kijana wa Capripoint
Sio zuu tena mkuu. Ilianza kama zuu 1964, tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Unavuka na boti kutoka Capripoint dakika chache tu. Kuna pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala, tumbili, watoto wanapanda mawe mpaka wanachoka wenyewe. Au mpeleke Bujora pale Kisesa aone ngoma za Kisukuma na ile nyumba yenye umbo la kiti cha mtemi.

#35 Mzee wa Kwimba
Bujora nendeni. Ila msimwambie mtoto "usishike" kila baada ya hatua mbili kama nilivyoona watu wanafanya.

#36 Mpita Njia
Mzee amegeuka 😂 jana kucheza ni ya wazungu wenye bima

#37 Mzee wa Kwimba
Nimesema waende makumbusho. Makumbusho ni elimu.

#38 Shangazi Bwiru
Wanaume mmejaza uzi na mieleka na mpira. Mdako hamjautaja. Unachimba kishimo, unajaza kokoto, unarusha moja juu kabla haijatua umeshavuta zote nje, unarudisha ukiacha moja, halafu mbili. Mimi kujumlisha na kutoa nilijua kwenye shimo kabla ya ubao. Na vidole vinapata akili, mtoto wa mdako haumshikishi penseli mara mbili. Na rede, unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa mpira, ukishindwa unatoka bila kulia. Wajukuu zangu wakitolewa wanalia na kuja kushitaki. Hawajawahi kutolewa na watoto wenzao, wanatolewa na mama zao tu.

#39 Tichа wa Awali
Shangazi shikamoo, hilo la kutolewa bila kulia nalipeleka darasani Jumatatu.

#40 Binti Kitangiri
Ngosha wa Mahina bado nakudai jibu. Namba 5. Ulimjibu nini mtoto?

#41 Ngosha wa Mahina
Nilikuwa nakwepa. Nilimwambia ni wa mjomba wake, anajengea choo, asiuchezee atauchafua.

Akarudi ndani.

#42 Jiwe la Igogo
Mchanga atauchafua 😂😂😂 Ngosha nyoosha mikono juu tukukamate.

#43 Mwenye Nyumba Mwenyewe
Na mnasema sisi wenye nyumba.

#44 Ngosha wa Mahina
Nimekubali kosa. Jumamosi tunarudi Magu, mjomba nimeshampigia kasema ndoo moja anatoa, zaidi ya hapo ninunue tripu. Swali la mwisho kwa wanaojua, chandimu mnasukaje siku hizi? Sisi tulikuwa tunajaza rambo ndani, linadunda vizuri, sasa tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 nimejaza soksi na vitambaa, nimefunga kamba vizuri kabisa, ila ukipiga linakaa palepale kama ugali.

#45 Dagaa wa Igombe
Tia sponji ya godoro katikati, halafu uzungushie nyavu kuukuu. Njoo mwaloni nitakupa nyavu bure, ila uje mwezi ukiwa mkubwa, vinginevyo utanikuta nimelala.